Ukumbi Huu ni wa Nani? Barua, Shairi na Mjadala wa Habari za Dunia katika Magazeti ya Kiswahili: Thika na Ruiru Zikiwa Kielelezo

Utangulizi

Thika imeingia katika historia ya fasihi kwa mlango wa walowezi. Jina la mji huo likitajwa, wengi hukikumbuka kitabu cha Elspeth Huxley kilichochapishwa mwaka 1959, ambacho husimulia utoto wa binti wa Kizungu katika shamba la kahawa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Thika ya pili, yaani Thika ya reli, ya katani, ya nanasi za mkebe na ya viwanda vya nguo, haikupata umaarufu kama huo. Wafanyakazi wake wametajwa katika vitabu vya uchumi na vya historia ya siasa. Katika uhakiki wa fasihi wamekuwa wasomwaji, si wasomaji, sembuse watunzi.

Makala haya yanachunguza utanzu mmoja ambao wahakiki wameupuuza: mjadala wa habari za siku na mambo ya ulimwengu uliofanyika katika barua kwa mhariri na katika mashairi ya kujibizana ya magazeti ya Kiswahili. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, mjadala huo ni fasihi yenye fani, kaida na mapokeo yake. Pili, hauwezi kuhakikiwa bila ya kuuliza ukumbi uliofanyikia ulikuwa mali ya nani. Thika na Ruiru zimeteuliwa kwa kuwa ni mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama wala ya chuoni, bali lugha iliyowakutanisha watu kazini.

Mapokeo ya Kujibizana

Mjadala wa habari haukuletwa Afrika Mashariki na mtambo wa kuchapia. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa aliyatungia mashairi mambo ya siku zake: uhasama wa Mombasa na Lamu, vita vya Shela, na kisha mgogoro wa Mazrui na Seyyid Said wa Omani. Lamu nayo ilikuwa na wake wa kujibu, akiwemo Zahidi Mgumi. Shairi lilikuwa taarifa, tafsiri ya taarifa, na silaha kwa wakati mmoja.

Katika mapokeo hayo mna kanuni tatu ambazo mhakiki hana budi kuzizingatia. Ya kwanza ni kwamba hoja ina mwenyewe: mtunzi hujulikana, na heshima yake imo rehani. Ya pili ni kwamba anayejibu hufungwa na umbo. Hana budi kuzijali mizani na vina, na mara nyingi huvifuata vya yule anayemjibu, hivyo kwamba hasira yake hulazimika kupita katika kipimo kabla ya kutoka. Ya tatu ni kwamba hakimu ni hadhira. Mshindi hatangazwi na mtawala. Hujulikana kwa beti zinazobaki vinywani mwa watu.

Magazeti yalipotokea, kanuni hizi hazikufa, bali zilihamia karatasini. Gazeti la Msimulizi lilianza Zanzibar mwaka 1888 chini ya wamisionari wa Kiingereza, na Mambo Leo likaanzishwa Dar es Salaam na serikali ya Tanganyika mwezi Januari 1923. Katika Mambo Leo barua na mashairi ya wasomaji yalichukua nafasi kubwa. Mtunzi alibisha hodi kwa mhariri, akaomba ukumbi, akataja anayemlenga, akatoa hoja, kisha akafunga kwa kaditama, jina na mji wake. Jina na mahali havikuwa pambo. Vilikuwa sehemu ya maana ya andiko, kwani msomaji alijua ni nani asemaye na anasema kutoka wapi.

Kitabu cha Kaluta Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kimeshutumiwa mara nyingi kwa kuubana ushairi. Shutuma hiyo ina ukweli wake, lakini ina upande wa pili usiotajwa. Amri Abedi mwenyewe alikuwa mtu wa Ujiji, mbali na pwani. Kanuni ikiandikwa, hujifunzwa hata na asiyeirithi. Mtu wa bara, ambaye hakukulia katika nyumba ya malenga, alipewa njia ya kuingia ukumbini na kusikilizwa. Umbo lililomfunga ndilo lililompa kibali.

Thika, Ruiru na Kiswahili cha Kazi

Reli ya tawi kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, nayo ilipita Ruiru. Pamoja na kahawa na katani, reli ilibeba magazeti na barua. Kambui, si mbali na Ruiru, ndiko alikozaliwa Harry Thuku mwaka 1895, na maisha yake ni kielelezo cha jinsi habari zilivyobadilisha mikono. Kabla ya kuwa mpokea simu katika Hazina mjini Nairobi, Thuku alipanga herufi za chapa katika gazeti la walowezi. Kwa kazi hiyo alisoma, herufi kwa herufi, yale ambayo walowezi waliambiana kuhusu vibarua, kodi na kipande. Mwaka 1921 aliongoza chama kilichopinga kupunguzwa kwa mishahara, akatoa karatasi yake ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo. Machi 1922 alikamatwa, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Kuchagua Kiswahili kulikuwa na maana. Muigwithania, gazeti la chama cha KCA lililoanza mwaka 1928 na kuhaririwa na Jomo Kenyatta, lilitumia Kikuyu, na ndivyo lilivyofanya Mumenyereri la Henry Muoria kuanzia mwaka 1945. Magazeti hayo yalijenga umma wa lugha moja. Kiswahili kilikuwa na kazi nyingine. Katika mashamba na viwanda, Mkikuyu, Mkamba, Mluo na Mluhya walihitaji lugha ya kugombania jambo moja. Hata hivyo, Kiswahili hichohicho ndicho msimamizi alichotumia kutoa amri. Mfanyakazi aliyekipeleka Kiswahili kwenye hoja alikuwa anaigeuza lugha ya kuamrishwa kuwa lugha ya kujadiliana. Badiliko hilo la matumizi ni suala la kifasihi kabla ya kuwa la kisiasa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali hiyo ilipanuka. Kiwanda cha Kenya Canners kilianza kusindika nanasi mwaka 1948, na katika miaka iliyofuata Thika ikawa mji wa ngozi, nguo, vyuma na mafuta ya kupikia. Gazeti lilisomwa kwa sauti, na nakala moja ilihudumia wengi. Kwa hiyo idadi ya nakala zilizouzwa haiwezi kuwa kipimo cha idadi ya wasomaji. Habari ilisomwa, ikafasiriwa, ikabishiwa, na barua iliyofika kwa mhariri ilikuwa mara nyingine tamati ya mabishano yaliyoanza kwa mdomo. Hapa ndipo mpaka kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi unapofifia.

Mwenye Ukumbi

Gazeti la Baraza lilianzishwa Nairobi mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ilipoanza, na kampuni ya gazeti la East African Standard. Jina lake lilikuwa ahadi: baraza ni mahali ambapo watu hukaa na kusema. Lakini baraza hilo lilikuwa la nyumba ya mtu mwingine. Lengo lake mojawapo lilikuwa kuwafanya Waafrika waziamini habari za vita kama watawala walivyotaka ziaminike. Hata hivyo, mlango ukishafunguliwa, mwenye nyumba hawezi kuwachagulia wageni maneno yote. Francis Khamisi, aliyekuwa mhariri wake katika miaka ya mwanzo, alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa chama cha KAU kilichoundwa mwaka 1944. Magazeti yenye wahariri Waafrika, kama Sauti ya Mwafrika la KAU na Radio Posta la W. W. W. Awori, yaliongeza kumbi ambazo ufunguo wake haukuwa mkononi mwa mlowezi.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Magazeti mengi ya Waafrika yalipigwa marufuku. Mumenyereri lilikoma, na Muoria, aliyekuwa London, akabaki huko. Baraza liliendelea. Jambo hili ni la msingi kwa mhakiki. Akifungua kurasa za barua za miaka hiyo, anakutana na mjadala ambao upande mmoja umeondolewa ukumbini. Barua inayolaani Mau Mau inaweza kuwa imetokana na imani, na hofu, au na vyote viwili, lakini shairi la kuijibu halipo. Katika utanzu ambao maana yake hukamilika kwa jibu, kukosekana kwa jibu si pengo la kumbukumbu tu. Ni sehemu ya matini. Mhakiki anayezisoma barua hizo kama maoni ya watu wa wakati huo huwa ameukubali uamuzi wa mwenye ukumbi bila ya kujua.

Wakati huohuo sauti zilipita juu ya paa. Redio ya Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza mwaka 1957, mwaka mmoja baada ya vita vya Suez. Msikilizaji wa Kiswahili aliweza sasa kulinganisha taarifa mbili za tukio moja. Ulinganishi huo ni shule ya uhakiki, na uliwafikia hata wasiojua kusoma.

Baada ya Uhuru

Taifa Leo lilianza kutoka kila siku mwaka 1960, na ukurasa wake wa ushairi umekuwa chuo cha watunzi kwa zaidi ya miaka 60. Lakini uhuru wa nchi haukuwa uhuru wa ukumbi. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliuliza, katika kijikaratasi, Kenya ilikuwa inakwenda wapi. Kwa swali hilo alifungwa miaka mitatu, na mashairi ya gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Lamu, katika uchaguzi wa miaka ya 1974 na 1975, washindani walijibizana kwa mashairi yaliyosambaa kwa kaseti, na Ustadh Mahmoud Ahmad Abdulkadir akawa mmojawapo wa malenga wake. Limuru, katika eneo lilelile la Kiambu, wakulima na wafanyakazi wa viwanda waliigiza mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ mwaka 1977. Uliigizwa kwa majuma machache tu, kibali kikafutwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini.

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba ukumbi mmoja ukifungwa, mjadala hutafuta mwingine: kijikaratasi, kaseti, jukwaa. Inaonyesha pia kwa nini mafumbo yalitamalaki katika ushairi wa magazeti wakati wa chama kimoja. Fumbo halikuwa anasa ya lugha. Lilikuwa gharama ya kuingia. Kifungu cha katiba kilichofanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja mwaka 1982 kilipofutwa mwaka 1991, mabishano ya hadharani yalijitokeza upya. Bunge la Mwananchi katika bustani ya Jeevanjee, Nairobi, ambako wasio na kazi na wenye vibarua husimama kuijadili habari ya siku, ni mrithi wa baraza la kusoma kwa sauti. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 soko lilifunguliwa kwa nguo za mitumba, na viwanda vya nguo nchini, Thika ikiwemo, vikadhoofika. Habari za dunia hazikuwa tena za mbali: ziligeuka barua ya kufutwa kazi.

Hitimisho

Historia hii haipaswi kupambwa. Ukumbi wa magazeti uliwaacha nje wanawake wengi, na wengi wasiojua kuandika. Kanuni zake ziliweza kumnyamazisha mwenye hoja asiye na vina. Lakini ulidai mambo mawili ambayo mjadala wa leo, uliohamia kwenye simu, hauyadai: jina la msemaji, na muda kati ya kusoma na kujibu. Si haki kuyaita mambo hayo vizuizi tu. Aliyeijibu hoja kwa vina vya mpinzani wake alilazimika kwanza kuisoma hadi mwisho.

Kazi inayowangoja watafiti ni ya namna mbili. Ya kwanza ni kuzikusanya barua na beti hizo kwa jozi, swali na jibu lake, badala ya kuchuma mashairi mazuri na kuyatenga katika diwani za mtunzi mmoja mmoja. Diwani humhifadhi malenga na kuupoteza mjadala. Ya pili ni kuandika, kando ya kila jozi, mwenye gazeti alikuwa nani na nani hakuruhusiwa kujibu. Kazi hiyo isipofanywa, Thika itaendelea kujulikana kwa utoto wa binti mmoja katika shamba la kahawa, na waliobishana kuhusu dunia huku wakisubiri kengele ya zamu watabaki hawana jina.