Furu, Tope na Nasaba

Watu wa pwani wanaijua nguvu ya nasaba: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa yule aliyeshuka chomboni. Wanahistoria nao wanaijua kasoro yake. Asiyeacha kizazi hudondoka, na vizazi vitatu hukunjwa vikawa kimoja. Kiswahili kilipoiita DNA vinasaba, nahisi neno lilikuja na sifa zake na dosari zake.

Chukua furu wa Ziwa Victoria, samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu na Waganda nkejje. Ni spishi zipatazo 500. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walitangaza walichokisoma kwenye tope la sakafu ya ziwa: chini ya tope laini kuna udongo mgumu uliowahi kukauka. Ziwa zima liligeuka nchi kavu, na maji yakarudi yapata miaka 15,000 iliyopita.

Mwaka 2003 kundi la Erik Verheyen likajibu kwa vinasaba. Furu hawa asili yao ni Ziwa Kivu, na matawi makuu ya ukoo yalianza kuachana yapata miaka 100,000 iliyopita. Basi ukame haukuwamaliza. Kutoka hapo ni hatua fupi kudai kwamba maji nayo hayakuisha.

Hatua hiyo mimi siivuki. Ukoo unaweza kuwa mkongwe kuliko nyumba unamoishi. Furu wangeweza kujihifadhi mitoni na katika maziwa ya jirani, kisha wakarejea. Tena saa ya vinasaba mara nyingi hutegwa kwa tarehe za miamba. Mwanajenetiki anayebishana na mwanajiolojia huenda amevaa saa aliyoazima kwake!

Lakini nasaba ina habari ambazo tope la Victoria halina. Leo Kivu humwaga maji yake kusini, kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, ilhali furu wake ni ndugu wa wale wa Ziwa Edward na Victoria. Udugu huo unalingana na simulizi ya wanajiolojia kwamba zamani maji ya Kivu yalikwenda kaskazini, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia. Kisha mwaka 2017 Joana Meier na wenzake wakaonyesha kwamba wahenga wa furu walikuwa machotara: damu ya Kongo na damu ya Nile ya juu, zilizochanganyika yapata miaka 150,000 iliyopita. Maana yake maji ya mabonde hayo mawili yaliwahi kukutana mahali fulani, muda mrefu kabla ya ziwa kujaa upya.

Mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake walirudi kwenye tope, safari hii wakitafuta meno ya samaki, tabaka baada ya tabaka. Waliyapata ya furu, na pia ya samaki wa jamii nyingine waliofika mapema kama wao, wakaogelea maji yaleyale mapya, wasizae spishi kwa mamia.