Kurahisishwa kwa Intaneti ya Kupiga Simu katika Kompyuta za Nyumbani: Mtazamo kutoka Karatu na Ngorongoro

Mwezi Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 95, mfumo ulioahidi kwamba mtu asiye fundi angeweza kuiunganisha kompyuta yake na intaneti akiwa nyumbani. Katika miaka hiyohiyo Karatu ilikuwa ikijitenga na Mbulu na kuwa wilaya. Matukio haya mawili hayakuwa na uhusiano wowote, lakini kuyatazama kwa pamoja kunafichua jambo ambalo historia nyingi za intaneti hulipita kimya. Insha hii inadai kwamba wepesi uliosifiwa wakati huo ulihusu yaliyomo ndani ya kompyuta tu. Kwa mkaazi wa Karatu au mfanyakazi wa Ngorongoro, sehemu kubwa ya ugumu ilikuwa nje ya kompyuta, na haikuondolewa na waunda programu.

Ni vema kwanza kuelewa ugumu wenyewe. Windows 3.1 haikuja na uwezo wa kuzungumza na intaneti. Mtumiaji alilazimika kutafuta programu ya ziada, na iliyojulikana zaidi ilikuwa Trumpet Winsock ya Peter Tattam wa Australia. Humo aliandika kwa mkono anwani ya namba ya kompyuta yake, anwani ya seva ya majina na kasi ya modemu, na mara nyingi aliandika pia maelekezo ya mstari kwa mstari ya namna ya kujibu seva inapouliza jina na neno la siri. Kosa la nukta moja lilitosha kuharibu kazi yote. Itifaki ya PPP, iliyopewa sura yake ya kudumu mwaka 1994, ilipunguza mzigo huo: kompyuta mbili zilipokutana kwenye laini ya simu zilipatana zenyewe kuhusu anwani. Windows 95 ikaja na itifaki hiyo ndani yake. Yaliyobaki kwa mtumiaji yakawa mambo matatu: namba ya simu ya mtoa huduma, jina lake na neno la siri.

Hata hivyo, namba ya simu si jambo dogo. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Shirika la Posta na Simu liligawanywa mwaka 1994, ndipo TTCL ikaanza kusimama peke yake. Mtandao wa simu uliorithiwa ulikuwa wa nyaya za shaba, wenye mikwaruzo, na katika miji midogo mingi simu ziliunganishwa kwa mkono. Mpigaji alinyanyua mkono wa simu, akamwomba opereta amuunganishe na Arusha, kisha akasubiri. Modemu haijui kuomba. Inasubiri mlio, inapiga tarakimu, na isiposikia mlio unaofanana na ule iliofundishwa hukata tamaa na kuandika kwamba hakuna laini. Inafaa kutambua kwamba Windows 95 ilikuwa na kisanduku kidogo cha kuruhusu simu ipigwe kwa mkono au kupitia opereta. Kisanduku hicho kilifichwa katika ukurasa wa ndani wa mipangilio, kwa Kiingereza, mahali ambapo mhitaji wake asingetarajia kukiona. Huu ni ushahidi kwamba waundaji walijua kuwapo kwa watumiaji wa aina hii, ila hawakuwahesabu miongoni mwa wale waliorahisishiwa kazi.

Huko juu, ng'ambo ya lango la Lodoare, hata waya ulikuwa bahati. Chombo cha kutegemewa katika hifadhi kilikuwa simu ya upepo, na umeme ulitoka kwenye jenereta.

Msaada wa kwanza wenye maana ulitoka kwenye mbinu ya kale kuliko Windows 95. FidoNet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings nchini Marekani mwaka 1984, haukuhitaji laini iwe wazi muda wote. Barua ziliandikwa kompyuta ikiwa haijaunganishwa, zikafungwa pamoja, kisha simu moja fupi ikazipeleka na kuzileta. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki viliutumia mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mjini Arusha kikundi cha kijamii cha Arusha Node Marie kikatoa huduma ya barua pepe katikati ya muongo huo. Kwa aliyeko kilomita zipatazo 140 kutoka Arusha, anayelipia kila dakika ya simu, dakika mbili badala ya ishirini ulikuwa ndio urahisi wenyewe. Kazi ya usanidi aliachiwa fundi wa mjini, ambaye aliifanya mara moja na kuandika namba kwenye karatasi.

Karatasi hiyo nayo ilichakaa. Msimbo wa Arusha, uliokuwa 057, ulibadilishwa kuwa 027, na kompyuta iliyopangwa kwa msimbo wa zamani ikaendelea kupiga simu isiyofika kokote. Mwenye kompyuta aliyekuwa ameambiwa asiguse kitu hakuwa na njia ya kujua kosa liko wapi. Programu za ofisi kwa Kiswahili, kama Jambo OpenOffice iliyotolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, zilifika wakati enzi ya waya ikielekea ukingoni.

Kilichoimaliza enzi hiyo ni simu za mkononi. Vodacom ilianza kazi nchini mwaka 2000, na waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, modemu ndogo za kuchomeka pembeni mwa kompyuta zilikuwa zikiuzwa madukani pamoja na vocha. Mnunuzi alichomeka, akabofya, akaunganishwa palipokuwa na mawimbi. Watu walisema wameachana na intaneti ya kupiga simu. Kwa hakika nyingi kati ya modemu hizo ziliendelea kupiga simu kwa itifaki ileile ya PPP. Namba yao ilikuwa *99#, ilikuwa moja Karatu na Dar es Salaam, na mwenye kompyuta hakuulizwa aiandike.