Mapinduzi Yaliyohamisha Kaya: Ujamaa na Urithi Wake Bariadi

Neno "mapinduzi" humrudisha Mtanzania Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964. Bara nako kulipinduliwa, ila kwa sheria, maazimio na amri. Makala haya yanadai kwamba mapinduzi hayo, yakitazamwa kutoka Bariadi, Usukumani, yalifaulu kubadili makazi ya watu na mamlaka iliyowatawala, lakini yalikwama kila yalipovunja taasisi walizojijengea wananchi wenyewe.

Kwanza iliguswa mamlaka. Mwaka 1963 utawala wa machifu, yaani watemi, ulifutwa. Si wote Usukumani waliosikitika, kwani chini ya Waingereza watemi ndio waliosimamia amri chungu za kupunguza mifugo.

Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilikuwa jambo jingine. Kaya ya Kisukuma ilijitenga na ya jirani, imezungukwa na minyaa. Zizi li karibu, shamba li mlangoni, na kando yake ngitili, yaani malisho yaliyowekewa mwiko masika ili ndama na maksai wapate nyasi kiangazi. Kaya zilipopangwa kwa mstari kijijini, mfumo huo ulikatika. Samadi ikawa mbali na shamba, ngitili nyingi zikakosa mlinzi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi wakati huo, ulioanza mwaka 1986 na kuhimiza ngitili zirudi, ulikuwa ungamo la serikali kwa vitendo.

Ushirika nao ulivunjwa mwaka 1976. Wakulima wa pamba waliuanzisha kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Kufikia mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika shirikisho la vyama vya ushirika la VFCU, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Ni kweli kwamba baadaye ubadhirifu uliingia. Hata hivyo, dawa ya ubadhirifu ni wanachama kuwawajibisha viongozi, si kuwanyang'anya chama. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, lakini imani iliyopotea hairudishwi kwa sheria.

Wizi wa ng'ombe ulipokithiri mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji hawakuisubiri dola. Waliunda sungusungu: mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka kufuata nyayo. Jeshi hilo la jadi lilirudisha usalama, ingawa pia liliwatesa wanawake walioshukiwa uchawi. Mwaka 1989 sheria ililitambua.

Tusiyadharau mapinduzi hayo. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa sauti juu ya ardhi, ni mtoto wa vijiji vile, na mwanamke au kijana asiye na ukoo wa kitemi ana haki ya kusimama humo na kusema.

Leo pamba ya Simiyu, mkoa wa sasa wa Bariadi, hupimwa tena katika vyama vya msingi. Mapinduzi yatakamilika siku mkulima atakapokuwa na uwezo wa kumwondoa anayeishika mizani hiyo vibaya, bila kungoja amri kutoka juu.