Kiwanja cha Chama ni cha Nani?

Katika mkutano mkuu uliopita mzee mmoja alisimama akauliza: kiwanja cha chama ni cha nani? Hati yake ina majina ya wazee watatu, na mmoja wao ametangulia mbele ya haki. Wanawe, pasipo nia mbaya, waliliona jina la baba yao wakadhani ni urithi wao. Halmashauri haikuweza kumjibu mzee yule kwa neno moja, na kwa hiyo twaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili tangu asili yake.

Sheria hutambua watu wa namna mbili. Yuko mwanadamu, azaliwaye na kufa. Na yuko mtu aliyeundwa na sheria, asiye na mwili wala kaburi, lakini aweza kumiliki shamba, kukopa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kampuni ni mtu wa namna hii ya pili. Pwani yetu ilimjua mapema: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa hati ya Malkia mwaka 1888, ilitawala kutoka Mombasa hata mwaka 1895, Serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi na kampuni ikalipwa pauni 250,000.

Lakini aliyeifanya sheria hii ijulikane duniani alikuwa fundi wa viatu wa London, Aron Salomon. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya siku zile ilitaka watu saba. Basi akawaandika mkewe, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja hisa moja, naye mwenyewe akashika 20,001. Isitoshe, kampuni ikamwandikia deni la pauni 10,000, na mali yake yote ikawa rehani ya deni hilo. Migomo ikaingia katika kazi ya viatu, na mwaka 1893 kampuni ikafilisika. Mali ilipouzwa, wadai wasio na rehani hawakupata kitu. Ikadaiwa kwa niaba yao kwamba kampuni ile ni Salomon yule yule, na alipe. Mahakama mbili zikakubali. Novemba 1896 Baraza la Malodi likakata kwa kauli moja kwamba kampuni imeundwa kwa kufuata sheria, basi ni mtu mbali, na deni lake si deni la Salomon.

Twakiri kwamba hukumu hiyo ilikuwa chungu kwa waliokopesha. Hata hivyo ndiyo ifuatwayo hadi leo, hapa Kenya pia, ambapo tangu Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 hata mtu mmoja peke yake aweza kuunda kampuni. Mwenye kuitumia kampuni kuwalaghai wadai, lakini, mahakama yaweza kumlipisha yeye mwenyewe.

Je, chama chetu? Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama, chini ya sheria ya mwaka 1968, kwatupa uhalali wa kukutana na kuendesha kazi zetu, bali hakutufanyi mtu. Chama cha ushirika kilichosajiliwa ni mtu, sisi sivyo. Hatushtaki kwa jina la chama ila kwa majina ya viongozi, na ardhi yetu hushikwa na wadhamini. Jina la mdhamini limo katika hati, lakini mali si yake. Aishika kwa ajili ya wanachama. Vile vile, mweka hazina akikopa mabati dukani kwa sahihi yake, mwenye duka aweza kumfuata yeye hata nyumbani kwake.

Sheria yawaruhusu wadhamini kuomba hati ya kuwa nafsi moja isiyokufa. Mmoja akifariki, mwingine huchaguliwa mahali pake, na mali haiingii katika mirathi ya mtu. Tulikwenda kuiona familia ya marehemu, tukawaonyesha daftari la michango ya mwaka kiwanja kiliponunuliwa, na jina la baba yao limo miongoni mwa waliotoa. Walielewa. Hoja ya kuomba hati hiyo italetwa mbele ya mkutano mkuu ujao, pamoja na makisio ya gharama za wakili.