Sulhia, si Kichekesho

Yako makosa ya istilahi yanayosameheka, kwa kuwa hayamzuii mtu kuuelewa mchezo. Kuiita komedi ya Kiingereza "kichekesho", au kwa joho rasmi zaidi "ramsa" na "futuhi", si kosa la aina hiyo. Waliokaa mezani wakayapitisha maneno haya waliupima mchezo kwa nyuso za watazamaji: wakicheka ni ramsa, wakilia ni "mchezo wa huzuni". Kipimo hicho hakifiki mbali. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, Shylock anapoteza kesi, mali na dini yake mbele ya watu, lakini mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa mwaka 1623 uliuweka mchezo huo kwenye fungu la komedi. Na katika Makbeth, aliyoitafsiri S. S. Mushi, damu ya mfalme haijakauka, bawabu mlevi anajikokota kwenda kufungua lango huku akijifanya mlinzi wa jehanamu, na ukumbi unaangua kicheko. Nani atathubutu kuuita mchezo huo ramsa?

Msomaji wa Malemba-Nkulu, katika nchi ya Waluba, hana haja ya kwenda Uskoti ya Makbeth kutafuta ushahidi, kwa maana masimulizi ya Waluba juu ya Nkongolo Mwamba yanamtosha. Nkongolo anamwogopa mpwa wake, Kalala Ilunga. Anachimba shimo, anasimika mikuki ndani, anatandika mkeka juu, kisha anamwalika kijana aje acheze ngoma hapo. Mpiga ngoma anamwonya kwa mdundo, kijana anaponyoka, anavuka Lualaba hadi kwa baba yake Mbidi Kiluwe, na anaporudi ana jeshi nyuma yake. Nkongolo anakatwa kichwa. Huko Uskoti vilevile mrithi anakimbilia Uingereza, anarudi na jeshi, na kichwa cha mdhalimu kinaletwa mbele ya watu. Hakuna anayemlilia Nkongolo, wala Makbeth. Sasa "mchezo wa huzuni" ni huzuni ya nani? Kinachoufanya mchezo uwe tanzia ni kwamba kosa limepita pale ambapo baraza lolote lingeweza kulitengeneza, na kilichobaki ni kupeleka habari ya kifo. Kwa hiyo neno tanzia ninalitetea kwa mikono miwili. Linatokana na taazia ya Kiarabu, yaani kuwafariji waliofiwa, na huko Irani taazia ni jina la mchezo wenyewe unaoigiza kifo cha Imamu Huseni pale Karbala. Wanaolalamika kwamba tanzia ni tangazo la msiba tu wangefurahi zaidi, nadhani, tungefuata Kigiriki neno kwa neno tukasema "wimbo wa mbuzi".

Tukishakubali kwamba tanzia inataja mwisho wa mchezo, basi mwenzake naye ataje mwisho. Neno ninalopendekeza ni sulhia, kutoka sulhu. Shina lake ni s-l-h la Kiarabu, lililotuzalia suluhu, usuluhishi, maslahi, jina la Salehe, na hata neno istilahi lenyewe, ambalo asili yake ni jambo walilopatana watu. Kamati ya istilahi inayoona sulhu ni neno geni kwenye kazi yake imesahau jina la kazi hiyo. Patahojiwa kwamba Shylock hapati sulhu, na kwamba Malvolio, katika mchezo wa Usiku wa Kumi na Mbili, anaondoka akiapa kulipiza kisasi. Ni kweli. Lakini hata kwenye baraza la chifu huwa yupo anayeondoka amenuna, na kesi huhesabiwa imekwisha kwa sababu jamii imepatana, nyumba zimeoana, madeni yamefutwa. Patahojiwa pia kwamba Goldsmith, kwa mchezo wake wa mwaka 1773, na Oscar Wilde, kwa ule wake wa mwaka 1895, waliandika ili watu wacheke. Waliandika hivyo, na walifaulu. Ila ukikiondoa kicheko cha Wilde, kisa bado kitasimama. Ukiuondoa uchumba wa mwisho, utabaki na watu wanaogombania mikate ya chai.

Wapo pia wanaosema tuchukue tu "komedi", kwani shule za Katanga zinafundisha kwa Kifaransa na mwanafunzi amekwisha kulizoea neno. Hoja hii ina uvivu ndani yake. Katika Kifaransa hichohicho komedi ni pia kujifanya, na mwigizaji yeyote huitwa kwa neno la shina hilo hata akiigiza Hamlet, kwa hiyo mwanafunzi ataazima neno pamoja na utata wake. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limewachekesha watu kwa Kiswahili cha Katanga kwa miongo mingi. Kuwachekesha watu ni ufundi wa mwigizaji, na ufundi huo una nafasi hata ndani ya tanzia, kama bawabu wa Makbeth anavyoonyesha.

Kuhusu matumizi: sulhia hii, sulhia hizi, mwandishi wa sulhia, na ule mchanganyiko unaoandikwa leo tanzia-ramsa uandikwe tanzia-sulhia. Ramsa na iachiwe ngoma na sherehe.