Tahasusi na Mlango wa Chuo Kikuu: Historia ya Kuchagua Masomo Tanzania

Tahasusi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita kombi, ni mkusanyiko wa masomo matatu yanayosomwa kwa kina katika kidato cha tano na cha sita, na hutambulishwa kwa herufi zinazotokana na majina ya Kiingereza ya masomo hayo: PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati, PCB huiweka Biolojia mahali pa Hisabati, HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza, EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati. Husemwa kwamba mwanafunzi ndiye anayechagua, na fomu anayojaza akiwa kidato cha nne inathibitisha kauli hiyo; lakini historia ya herufi hizo inaonyesha kwamba kwa muda mrefu aliyeamua ni mpokeaji, yaani chuo kikuu, na nyuma ya chuo kikuu serikali iliyolipa gharama, huku shule yenye walimu wachache ikipunguza hata kile kidogo kilichobaki.

Chanzo chake kiko katika uhusiano wa makoloni ya Afrika Mashariki na vyuo vya Uingereza. Kabla ya kidato cha tano kuwapo Tanganyika, kijana aliyefaulu mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari alikwenda Makerere, kama alivyofanya Julius Nyerere mwaka 1943 akitokea Tabora kwenda kusomea stashahada ya ualimu. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949 na kuanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za London, mafunzo ya awali ya kumwandaa mwanafunzi kwa shahada yalitolewa chuoni hapo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi hiyo ilihamishiwa shuleni, kwa kuanzishwa kidato cha tano na cha sita na mtihani wa Cambridge uliofahamika kwa ufupisho HSC, ambao mtahiniwa aliufanya katika masomo makuu machache na karatasi ya maarifa ya jumla, kisha majibu yake yakasafirishwa kwenda Uingereza kusahihishwa. Desturi ya kumbana kijana wa miaka kumi na saba katika masomo matatu ilikuwa ya shule za Uingereza, ambako digrii ya miaka mitatu ilimtaka mwanafunzi aingie chuoni akiwa tayari amebobea. Ilipopandwa Tanganyika haikuulizwa kama nchi yenye wasomi wachache kiasi kile ilihitaji wabobezi wa mapema namna hiyo.

Matokeo yake yalionekana wazi zaidi katika kipindi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970 na kuunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa kuwa fani ghali hazikuweza kujengwa mara tatu, udaktari na kilimo vilisomwa Makerere, uhandisi na udaktari wa mifugo Nairobi, na sheria Dar es Salaam, ambako chuo kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 1961 kwa kitivo hicho kimoja, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kwa hiyo herufi tatu alizopewa kijana wa Kitanganyika zilikaribia kumwambia hata mji atakaoishi: mwenye Fizikia na Hisabati aliyetaka kuwa mhandisi alifungasha kwenda Nairobi, na mwenye Biolojia na Kemia aliyetaka kuwa daktari alikwenda Kampala. Vitivo vilianzishwa nchini kimoja baada ya kingine, kilimo huko Morogoro mwaka 1969 na uhandisi Dar es Salaam mwaka 1973, na kila kimoja kilizipa herufi fulani thamani ambayo hazikuwa nayo nyumbani hapo awali. Hata Kiswahili kiliimarika kwa njia hiyo, kwani Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa chuoni mwaka 1970 ilikipa somo hilo njia ya kuendelea hadi shahada.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu zake. Mpango wa miaka mitano wa 1964 uliweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo 1980, na kutokana na lengo hilo nafasi za masomo na fedha za ufadhili ziligawanywa kwa kuangalia fani zilizokuwa na upungufu. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake, kwa kuwa wakulima ndio waliobeba gharama za mwanafunzi na walistahili kupata daktari na mhandisi; hata hivyo ulimfanya kijana ajifunze kuuliza nafasi ziko wapi kabla ya kujiuliza anaweza nini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi, kwa kuagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kazini, na aingie chuo kikuu baadaye akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Alama za masomo matatu hazikutosha tena peke yake. Lakini fani za sayansi zilianza kukosa waombaji, na idadi ya wasichana waliojiunga ilishuka sana, hivyo kabla ya muongo huo kwisha wasichana walikuwa wameondolewa sharti hilo, na baadaye likalegezwa kwa wengine.

Wakati huo mitihani ilikuwa imeshatoka mikononi mwa wageni: Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Muundo wa masomo matatu ulibaki. Kenya ilifuata njia nyingine ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ikafuta kabisa kidato cha tano na cha sita na kuwapeleka wanafunzi chuo kikuu moja kwa moja baada ya kidato cha nne. Tanzania iliendelea kuamini miaka miwili ya ubobezi, na imani hiyo haijatikisika hadi leo.

Jambo ambalo sera hazikulisema kwa sauti ni kwamba uchaguzi wenyewe hutangulia fomu kwa miaka miwili. Mwanafunzi anayeingia kidato cha tatu bila Fizikia hawezi kuomba PCM wala PCB, na mara nyingi huiacha Fizikia kwa sababu shule yake haina mwalimu wala maabara. Somo la Kemia hutaka bureti na pipeti za kupimia asidi na besi, na hutaka kemikali za kuchunguzia chumvi ambayo mtahiniwa hatajiwi jina lake. Shule nyingi za kata, zilizoenea nchini kuanzia miaka ya 2000, zilifunguliwa bila vitu hivyo, na wanafunzi wakajifunza kutoka ubaoni rangi ya mashapo ambayo hawakuwahi kuyaona ndani ya neli. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba amechagua HKL ni kumsingizia.

Taratibu za udahili zimebadilika mara kadhaa tangu Tume ya Vyuo Vikuu, maarufu kama TCU, iundwe kwa sheria ya mwaka 2005. Kuanzia 2010 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja, na mwaka 2017 waombaji walirudishwa kuomba vyuoni moja kwa moja. Msingi haukubadilika: anayetoka kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu mkuu, yaani alama inayohesabika kwa udahili, katika masomo yasiyopungua mawili, na kila programu hutaja katika mwongozo wa TCU ni masomo gani inayoyakubali. Mwaka 2024 serikali, ikitekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65, zikiwamo za lugha za kigeni, sanaa, michezo na elimu ya dini. Ni upanuzi mkubwa kuliko wowote uliotangulia, na unastahili kupongezwa, ingawa tahasusi isiyotajwa katika masharti ya programu yoyote humfikisha mwanafunzi mbele ya mlango uliofungwa.

Mwongozo huo wa udahili huandikwa kwa ajili ya aliyekwisha kumaliza kidato cha sita, wakati ambao herufi zake haziwezi kubadilishwa tena. Wakuu wa shule na walimu wa taaluma wanaombwa wauweke mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha pili na wazazi wao, kabla Fizikia haijaachwa.