Injini za Garratt na majina yake

Reli ya Mombasa huvuka mpaka wa Kenya na Uganda huko Malaba, katika Kaunti ya Busia, kisha huingia Tororo, njia panda ya tawi la Soroti na Gulu. Ilifika Kampala mwaka 1931.

Katika miaka ya 1950, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilinunua injini za mvuke aina ya Garratt. Boila hukaa katikati ya mitambo miwili, hivyo uzito husambaa na kona kali hupitika.

Injini 29 za daraja la 60 zilipewa majina ya watawala wa kikoloni. 34 za daraja la 59, majina ya milima, ukiwemo Elgon ulioko mpakani.

Baada ya uhuru, majina ya watawala yaliondolewa. Ya milima yalibaki.